Mama, Baba, Bibi, Babu na Mimi

Nazungumza nawe mzazi, mlezi, au bibi unayebaki na mjukuu wakati wengine wameenda kazini.

Kiswahili kimetupa urahisi mkubwa wa kumfundisha mtoto kusoma. Kina vokali tano tu, na kila moja hutamkwa vilevile popote inapokaa. Mtoto akizijua hizo, mpe m na b, lakini kwa sauti zake, si kwa majina ya herufi. Aunganishe: ma, mi, ba, bi, bu. Kwa silabi hizo chache anaweza kusoma mama, baba, bibi, babu na mimi. Familia nzima, naye yumo! Ukiuona uso wake anapogundua kwamba yale maandishi ni bibi yake, hutasema tena kuwa kufundisha kusoma ni kazi ya mwalimu peke yake.

Maneno kama nyumba na ng'ombe yasubiri kidogo. Herufi zilizoshikana humchanganya anayeanza.

Huna kitabu? Kitafute ukiweza. Lakini kanga yako ina jina, tena kwa herufi kubwa, na pakiti ya unga ina maandishi pia. Mketishe karibu, pitisha kidole chini ya kila silabi. Dakika kumi zinatosha. Akichoka, mwache akacheze. Akikosea, usimfokee wala usimlinganishe na mtoto wa jirani. Rudia silabi ile taratibu, kisha msubiri aitamke mwenyewe. Hilo la kusubiri nakuomba sana, maana sisi watu wazima tuna haraka mno ya kumtamkia.