Kiporo cha Kazi

Wali uliolala huitwa kiporo, na ukipashwa moto asubuhi ukaliwa kwa chai, hakuna anayelalamika. Kazi nayo tunapenda kuilaza vivyo hivyo, tukitumaini kuikuta kesho kama tulivyoiacha. Lakini kazi iliyolala huchacha, na aghalabu anayeonja uchachu wake si yule aliyeilaza. Nililijua jambo hili kwa maneno miaka mingi kabla ya kulijua kwa moyo.

Nilipokuwa mkuu wa shule, mpishi wetu alistaafu baada ya kututumikia zaidi ya miaka 20. Alihitaji barua yangu ya kuthibitisha utumishi wake ili afuatilie mafao. Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja tu.

"Shikamoo, Mzee," nilimwambia alipofika ofisini.

"Marahaba, Mwalimu. Ile karatasi imekuwa tayari?"

"Bado kidogo, Mzee. Njoo Jumatatu."

Jumatatu zikapita tatu, zikapita nne. Kisha mzee akaugua, akafariki dunia. Barua niliiandika jioni ya siku tuliyotoka makaburini, na haikunichukua hata nusu saa. Nilipompelekea mjane wake, aliipokea kwa mikono miwili akasema, "Ahsante, Mwalimu, kwa kutukumbuka." Shukrani ile imenichoma kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa.

Je, nilikuwa mvivu? Majuma yale nilisahihisha mitihani, nilihesabu vitabu vya ghala, nilisimamia palizi ya shamba la shule. Nilifanya kila kazi isipokuwa ile moja. Ukweli ni kwamba jalada la mzee lilikuwa na mapengo. Kumbukumbu za miaka kadhaa zilikuwa zimepotea mikononi mwetu, nami niliona aibu kukiri. Kila nilipolishika jalada lile, aibu ilinirudia, nami nikalirudisha kabatini. Kwa hiyo naamini kwamba kuahirisha, mara nyingi, ni woga uliovaa nguo za kazi.

Wanafalsafa wa Kiyunani walilijadili swali hili zamani. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Protagoras, Socrates anashikilia kwamba mtu hatendi baya huku akijua lililo jema. Akikosea, amekosa maarifa. Aristotle hakuridhika na jibu hilo, akalichambua kwa kirefu tatizo la mtu ajuaye lililo bora na bado asilitende. Mtume Paulo naye, katika sura ya 7 ya waraka wake kwa Warumi, analilia jambo hilo hilo. Mimi nilijua kabisa lililonipasa. Kilichopungua hakikuwa maarifa.

Wapo watakaonikumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini subira na kuahirisha si ndugu. Mwenye subira hungoja jambo ambalo wakati wake haujafika, kama mkulima angojavyo mvua. Mwenye kuahirisha hulingojesha jambo ambalo wakati wake umekwisha kufika, na nyuma ya jambo hilo yupo mtu anayengoja.

Chuoni, tulipofundwa ualimu, hatukuruhusiwa kuingia darasani bila andalio la somo. Kipindi cha dakika 40 kilipangwa hatua kwa hatua. Ajabu ni kwamba nilipanga dakika za wanafunzi miaka yote ile, bali siku zangu mwenyewe nikaziacha ziende kama mbuzi wasio na mchungaji.

Huko Marekani husimuliwa kisa cha mshauri Ivy Lee na Charles Schwab, aliyeongoza kampuni ya chuma ya Bethlehem Steel. Inasemwa alimshauri aandike kila jioni kazi sita za kesho, azipange kwa umuhimu wake, aanze na ya kwanza, asiguse ya pili mpaka ya kwanza iishe. Ni utaratibu mzuri, nami niliuchukua na kuugeuza kidogo. Katika daftari langu naandika kazi nne tu, na kando ya kila kazi naandika jina la mtu anayeingoja. Jina ambalo moyo wangu unalikwepa ndilo ninaloliweka juu. Tena siandiki "barua". Naandika "kuchukua karatasi na kuandika tarehe", maana mwanzo mdogo hauogopeshi.

Kazi isiyokamilika naiandika upya kwa mkono siku ya pili. Ikifika mara ya tatu, sina ruhusa ya kuiandika tena. Ama naifanya alfajiri kabla ya chai, ama naenda kwa mwenyewe kumwambia wazi, "Ndugu yangu, hili limenishinda, tafuta mwingine." Laiti ningemwambia mzee wetu hivyo, angejua pa kwenda.

Daftari halimpi mtu ujasiri, wala halilipi deni lililokwisha kupita. Linalofanya ni kuninyima mahali pa kujificha, nami kwa umri huu naona hilo linatosha. Nawe, ndugu msomaji, usiku wa leo kabla ya kuzima taa, usijiulize kwanza una kazi gani kesho. Jiulize ni nani anayekungoja, kisha uliandike jina lake.