Pikipiki ya Marehemu Baba, na Kitabu Kilichoonekana



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 22, twasoma habari za mfalme Yosia, jinsi alivyomtuma Shafani mwandishi kwa Hilkia kuhani mkuu, ili fedha iliyoletwa nyumbani mwa Bwana ihesabiwe na kupewa maseremala na waashi, wapate kutengeneza mahali palipobomoka. Wengi wetu twakikumbuka kisa hiki kwa ajili ya kitabu cha torati kilichoonekana humo. Lakini tuangalie wakati kilipoonekana: ni wakati fedha ya mafundi ilipokuwa ikitolewa, na nyumba iliyoachwa muda mrefu ilipokuwa ikifunguliwa. Nasi tulifundishwa neno hili mwaka uliopita katika banda la mama yetu hapa Mjimwema, Songea, tulipokuwa tukitengeneza pikipiki ya marehemu baba.

Baba yetu alikuwa mwinjilisti. Pikipiki yake ni Honda CG125, aina iliyoanza kutolewa na Wajapani mwaka 1976. Yasemekana ya kuwa mainjinia wa Honda walizunguka katika nchi nyingi wakaona jinsi watu wanavyobebesha vyombo vyao mizigo mizito, na kusahau kubadili oili, na kuacha mnyororo ukauke kwa vumbi. Basi hawakukaa kuwalaumu watu; wakaunda injini nyepesi kutengenezwa, na mnyororo wakaufunika kwa bati. Kwa chombo hiki baba alikwenda Namtumbo, hata Tunduru, zamani njia ile ilipokuwa bado ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Sisi watoto tuliijua sauti yake tangu mbali, tukakimbia kumlaki.

Hata mwaka 2006 baba akalala katika Bwana, na pikipiki ikasimama. Haikusimama kwa sababu ya ubovu, bali kwa sababu yetu. Mdogo wetu alisema ni haki yake, maana ndiye aliyebaki nyumbani na kulima shamba pamoja na baba. Sisi tukasema ya kuwa yeye hakutoa hata senti moja katika chombo kile, na ya kuwa mali ya baba ni ya watoto wote. Tena tulifanya neno ambalo twaona haya kuliandika: tuliichukua kadi ya pikipiki, tukaiweka katika sanduku letu chini ya majoho, ili asiweze kuiuza wala kuiendesha. Ndipo yeye naye akaja siku moja akaifungua kabureta, akaenda nayo kwake, ili sisi tusiweze kuiwasha. Basi mmoja alikuwa na kadi, wa pili alikuwa na kabureta, na pikipiki haikuwa ya mtu. Miaka 17 ikapita. Tulisalimiana misibani, basi. Na katika miaka hiyo sisi tulihubiri mara nyingi juu ya upatanisho, na watu wakatushukuru mlangoni mwa kanisa.

Mama hakutugombeza. Siku moja tu alituita bandani, akatuonyesha kuku aliyeatamia mayai juu ya kiti cha pikipiki, akasema, "Mwanangu, kuku wangu amepata kiota cha bei kubwa." Kisha akarudi jikoni. Maneno hayo yalituchoma kuliko hotuba ndefu, nasi juma lile tukamwita fundi kutoka mjini.

Fundi yule ni kijana mwenye maneno machache. Alipoipiga kiki mara ya kwanza haikushuka hata kidogo, kwa kuwa pistoni ilikuwa imeshika ndani ya silinda kwa kutu. Tukadhani atachukua nyundo. Hakuchukua. Aliitoa plagi, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili katika tundu lake, akasema, "Tuiache siku nne, Baba Mchungaji." Siku ya tano akaingiza gia ya juu, akalisukuma gurudumu la nyuma mbele kidogo, na nyuma kidogo, tena na tena, hata tukasikia mlio mdogo ndani, na pistoni ikaachia. Alituambia ya kuwa mwenye haraka huvunja ringi, na ringi zikivunjika hukwaruza silinda, na hasara ya siku moja huzidi ya miaka.

Tangi lilikuwa na petroli iliyooza, rangi yake kama chai, na kutu ndani ikibambuka. Akatia kokoto ndogo na mafuta ya taa, tukalitikisa kwa zamu hata mikono ikauma, tukamwaga, tukatia tena. Oili ya injini ilitoka nyeusi na nzito kama lami. Vile vidude viwili vya chuma vinavyokutana na kuachana ili kutoa cheche, akavisugua kwa msasa mwembamba hata vikang'aa. Tairi zilikuwa zimepasuka ingawa mashina yake hayakulika. Hapo tulistaajabu, maana katika vyote alivyoonyesha fundi, karibu hakuna kilichoharibika kwa safari za Tunduru; viliharibika kwa kusimama. Vipuri havikutusumbua sana, kwa kuwa Wachina waliiga sana injini hii katika pikipiki zao, na nyingi zafanya kazi ya bodaboda leo. Hivyo vitu vingine vya chombo cha baba hupatikana dukani kwa bei ya chini. Na kama wale mafundi wa Yosia ambao hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu, kijana huyu naye alitupa kila kipuri cha zamani mkononi pamoja na chenji, bila kuulizwa.

Ikabaki kabureta. Fundi alisema tununue mpya, nasi tulikuwa tayari, maana kununua ni rahisi kuliko kwenda kwa ndugu. Lakini alipokifungua kisanduku cha vifaa ubavuni, akatoa kitambaa, na ndani yake daftari dogo la baba lililoliwa na mende pembeni. Baba aliandika humo kila mara alipobadili oili, na kila tairi aliyonunua, na fedha ilikotoka. Tukasoma. Oili, fedha ya mdogo wetu, ya mahindi. Tairi la nyuma, fedha ya mdogo wetu, ya tumbaku. Mnyororo, vivyo hivyo. Ukurasa baada ya ukurasa. Jina letu, sisi mzaliwa wa kwanza tuliyesomeshwa seminari, tulilitafuta tukaliona mara moja tu, nalo ni kwa deni la nauli.

Yosia aliposomewa alirarua mavazi yake. Sisi tuliketi juu ya debe, na fundi akajifanya anatafuta spana.

Jioni ile tuliitoa kadi chini ya majoho, tukaenda kwa mdogo wetu kwa miguu, na daftari mkononi. Tulimsomea pale uani, mbele ya mkewe na watoto wake, kwa kuwa mbele yao ndipo tulipomtukana zamani. Akanyamaza sana. Mwisho akauliza, "Kaka, ulikuwa hujui?" Tukamjibu ya kuwa hatukujua, wala hatukutaka kuuliza. Akaingia ndani, akatoka na kabureta imefungwa katika gazeti, imepakwa oili, safi. Miaka 17 aliitunza.

Siku ya pili aliifunga mwenyewe. Alipiga kiki mara nyingi, na moshi mweupe ukajaa bandani, kuku wakatawanyika, kisha ikashika. Mama alikuwa akipepeta mahindi. Aliposikia sauti ile aliweka ungo chini, akaenda kubandika maji ya kuoga motoni, kama alivyozoea baba aliporudi safarini.

Kadi sasa inaandikwa jina la mdogo wetu. Jumapili humleta ibadani mzee wetu mmoja asiyeweza kutembea. Oili yavuja kidogo bado, na taa ya mbele haijawaka, hivyo humrudisha kabla jua halijachwa.