Kurudi Mbioni: Bidii au Kiburi?

Siku hizi mbio ndefu ziitwazo marathoni zimependwa na watu wa kila namna. Zamani zilidhaniwa kuwa kazi ya askari na vijana wachache wenye miguu myepesi. Leo walimu, wauguzi, mafundi na hata wazee wa kanisa wamo. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, maelfu hukusanyika Moshi chini ya mlima Kilimanjaro, ambako mbio hizo hufanyika tangu mwaka 2003. Mwendo wake ni kilomita 42 na mita 195, wala hakuna mwenye akili aendaye kuukimbia bila kujizoeza miezi mingi. Lakini leo sitaki kusema habari za yeye aanzaye mara ya kwanza. Nataka kusema habari za yeye aliyekwisha kujizoeza, kisha akaacha kwa ugonjwa, au kwa kuzaa, au kwa msiba, au kwa kazi tu iliyomzidi, na sasa ataka kurudi. Mtu huyu ana jaribu ambalo mgeni hana, nalo ni la moyo kuliko la miguu.

Mgeni akikimbia kilomita mbili akahema, hufurahi, kwa kuwa jana hakuweza hata moja. Anayerudi akikimbia hizo hizo mbili akahema, huona haya. Njia ni moja na jasho ni moja. Tofauti ni kwamba huyu wa pili hakimbii peke yake: mbele yake yuko mtu mwingine, naye ni yeye mwenyewe wa mwaka juzi, tena mtu huyo hachoki kamwe, maana kumbukumbu haina mapafu. Basi swali ni hili: Je, mtu ana wajibu gani kwa nguvu alizokuwa nazo zamani? Ajikaze azifikie upesi, kama alipaye deni? Ama azihesabu kuwa zimepita?

Wengi watajibu mara moja: Ajikaze, kwani bidii ni wema na ulegevu ni ubaya. Jibu hilo lapendeza masikioni, lakini yafaa kwanza tuutazame mwili wenyewe, kwa sababu hauwezi kubembelezwa kwa maneno.

Mtu akiacha kabisa kujizoeza, maji ya damu yake hupungua katika siku chache tu. Moyo hupata damu kidogo ya kusukuma kwa kila pigo, kwa hiyo hauna budi kupiga upesi zaidi. Wataalamu waliowapima wanamichezo walioacha mazoezi waliona kwamba uwezo wao wa kutumia hewa ya oksijeni ulishuka karibu asilimia 7 katika wiki tatu za kwanza, na karibu asilimia 16 baada ya wiki nane. Hiyo ni hasara, lakini yaliyopotea upesi hurudi upesi pia. Mtu akianza tena, baada ya wiki chache huona pumzi imekuja na moyo umetulia. Mifupa na kano havina haraka hiyo. Mfupa uliopewa mzigo mpya huliwa kidogo kidogo ndani na kujengwa upya, na kazi hiyo huchukua miezi mitatu au zaidi. Tena katikati ya ujenzi huo mfupa huwa dhaifu kwa muda kuliko ulivyokuwa mwanzo, kama nyumba iliyotolewa nguzo za kale kabla ya nguzo mpya kusimamishwa. Basi ukatazame ubaya wa saa hiyo: katika wiki ya nne au ya tano pumzi yamwambia mtu, “Umepona,” naye aongeza mwendo maradufu, na hapo ndipo mfupa wa muundi hupata ufa. Wengi wa hao huumia si kwa uvivu, bali kwa kuiamini pumzi.

Kwa hiyo turudie neno bidii. Mtu aendaye polepole kwa sababu ya uvivu, na mtu aendaye polepole kwa sababu amepima mifupa yake, wakipita njiani wafanana. Vivyo hivyo aendaye mbio kwa bidii, na aendaye mbio kwa kuogopa macho ya watu. Mpita njia hawezi kuwatenga, ila mwenyewe aweza. Na ajiulize: Kama njia hii ingekuwa haina watu, ningekwenda mwendo huu? Nimewaona wakimbiaji wengi waongezao kasi wanapokaribia maduka, wakakunja uso kishujaa, kisha wakifika nyuma ya migomba hutembea mikono kiunoni. Miguu yao imekwisha kutoa ushuhuda. Mimi naona kwamba sehemu kubwa ya haraka ya kurudi si bidii hata kidogo. Ni kulitetea jina. Tena ina uongo ndani yake, kwa kuwa mtu asema kwa miguu yake neno ambalo mwili wake hausemi.

Labda mtu atanipinga: “Mbona Abebe Bikila?” Ni kweli. Yule askari wa Ethiopia aliyeshinda Roma mwaka 1960 bila viatu alipasuliwa kidole tumbo mwaka 1964, na wiki zisizozidi sita baadaye akashinda tena huko Tokyo kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Na Joan Benoit wa Marekani alipasuliwa goti mwaka 1984, akashinda mbio za kuwachagua wakimbiaji wa nchi yake siku 17 baadaye, kisha akawa mwanamke wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, huko Los Angeles. Lakini tuzisome habari hizo vizuri. Wote wawili walilazwa wakiwa katika ukamilifu wa mazoezi yao, wakakatizwa siku chache tu. Mwalimu aliyeacha miaka miwili hana haki ya kuzitumia kama cheti chake. Tena hao walikuwa watu wachache mno kati ya maelfu, na jambo lililompata mmoja si sheria kwa wote.

Huyo Bikila alikwenda Mexico mwaka 1968 akiwa na mguu mbovu, na alipofika karibu kilomita ya 17 akaacha. Nani angethubutu kumwita mvivu? Na katika mbio hizo hizo alikuwamo John Stephen Akhwari wa Tanzania, ambaye habari zake twazijua sote: alianguka, goti likaumia vibaya, naye akaendelea akichechemea na mguu umefungwa bendeji, akafika zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, uwanja umekwisha kuwa karibu mtupu. Picha hiyo imeenea dunia nzima. Ila wachache wanajua kwamba mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, mtu yule yule alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akawa wa tano. Kati ya siku hizo mbili ulipita karibu mwaka mmoja na miezi tisa. Jioni ya Mexico yaonekana katika filamu. Asubuhi zilizofuata, za goti lililokuwa likijifunza tena kumbeba mtu, hatuzioni. Mimi zanivuta hizo zaidi.

Naye Bikila alipata ajali ya motokaa mwaka 1969, asitembee tena. Mwaka 1970 alikuwa Uingereza, ameketi katika kiti cha magurudumu, akishindana kwa upinde na mishale katika michezo ya walemavu. Hakuidai miguu yake imrudie ndipo ashindane. Alifariki mwaka 1973.

Hapo laonekana kosa la pili, ambalo watu hulidhani kuwa unyenyekevu. Ni la yule asemaye, “Mimi nimekwisha, kama siwezi kukimbia kama zamani, heri nisikimbie.” Maneno hayo yana huzuni, lakini ukiyachunguza utakuta kiburi kile kile cha mbele ya maduka, kimevaa kaniki tu. Huyu naye ajipima kwa mtu wa mwaka juzi, akakataa kuwa mtu wa leo. Tena asema uongo mwingine, kwa maana si vyote vilivyopotea. Aliyewahi kujizoeza kwa kawaida huinuka upesi kuliko mgeni kabisa. Na ujuzi wake haukupungua hata kidogo. Ajua kiatu kinachombana, ajua wakati wa kunywa maji, ajua kwamba uchungu wa kilomita ya 32 huja na mara nyingine huondoka.

Basi afanyeje? Aanze kwa kutembea na kukimbia kwa kupokezana. Akimbie kwa mwendo ambao aweza kusema na mwenzake sentensi nzima bila kukatika. Katika wiki moja asiongeze urefu na kasi pamoja. Apumzike siku kamili, hata pumzi ikimsihi asipumzike, na kwa miezi mitatu ya kwanza auamini mfupa kuliko pumzi.

Na ahesabu kalenda. Mbio za Moshi zikiwa mwishoni mwa Februari, wiki kumi na sita za mazoezi yenyewe zaanza mwanzoni mwa Novemba, mvua za vuli zikinyesha na njia za vihambani zikiteleza. Anayerudi ambaye Novemba yamkuta hajaweza kukimbia nusu saa bila kutembea, mwaka huu hana marathoni. Huko Moshi ziko pia mbio za kilomita 21, na aandikishe jina lake hapo. Rafiki zake waliokwisha kujiandikisha mbio ndefu watamwuliza sababu. Awaambie wazi kwamba kwa sasa nguvu zake ni za kilomita 21, kisha awafuate barabarani, yeye nyuma na wao mbele.