H10

Kijana alifika kliniki yetu ya Busia, upande wa Kenya, Jumatatu asubuhi, kiganja kimefunika jicho la kushoto. Jumamosi alikuwa kwa babake akisaidia kukata miwa, jani likamchapa jichoni. Siku za kazi alikuwa karani wa wakala wa forodha mpakani, na mwajiri alimkatia bima. Mimi ndimi niliyekuwa nikiandika madai ya bima.

Ofisa wa kliniki alimmulika kwa tochi, akaandika: jicho jekundu, machozi, mwanga unamuumiza, alichapwa na jani. Penye jina la ugonjwa akaweka alama ya kuuliza. Alama ile ilikuwa na maana yake: hakuwa na hakika, na jicho lililochapwa na jani linataka uangalifu. Lakini mfumo wa madai haupokei alama ya kuuliza. Unataka msimbo.

Katika ainisho la magonjwa la Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi, H10 ni macho mekundu ya kawaida, yaani uvimbe wa utando unaofunika weupe wa jicho. H16 ni uvimbe wa konea, kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni, na H16.0 ni kidonda cha konea. Mkwaruzo wa konea una msimbo wake, S05.0. Nilijua H10 hupita bila maswali. H16.0 ingeitisha idhini na ripoti ya mtaalamu, na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikaweka H10. Sikumwibia mtu hata shilingi, wala sikuhisi kwamba nimesema uongo.

Alhamisi akarudi, jicho limezidi. Zamu ilikuwa ya daktari mwingine. Akafungua skrini, akasoma, akaniita kupitia dirisha.

"Karani, huyu si yule wa macho mekundu?"

"Ndiye, daktari."

Akampa matone yenye antibiotiki na steroidi pamoja. Steroidi hutuliza wekundu upesi, mgonjwa akashukuru. Ila jani la shambani huja na fangasi, kama Fusarium na Aspergillus wanaoishi kwenye udongo na mimea. Antibiotiki haiwaui, na steroidi hulegeza kinga ya jicho, wakapata nafasi ya kuchimba. Nami nikaandika H10 mara ya pili, safari hii bila hata kufikiri, kwa kuwa ilikuwa tayari pale.

Wiki ya pili hakulala kwa maumivu. Katikati ya jicho palikuwa na doa jeupe mfano wa punje ya mchele. Mzee wake akasema waende Tororo, upande wa Uganda. Ni Mteso, na Wateso wana jamaa pande zote mbili, kwao kuvuka mpaka ni kwenda kwa ndugu. Tororo ipo Hospitali ya Macho ya Benedictine. Huko kijikaratasi chenye rangi ya chungwa kikagusishwa kwenye jicho, wakamulika mwanga wa samawati, kidonda kikang'aa kijani. Shughuli nzima haichukui dakika tano. Wakakwangua kidogo, wakatazama kwa hadubini, wakaona nyuzi za fangasi, wakamlaza.

Dawa ilikuwa natamisini, tone kila saa, usiku na mchana. Iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, lakini kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye rafu ya duka la dawa, na mzee alihangaika kuitafuta.

Kisha ikaja bili. Bima ikaikataa. Maelezo yalikuwa mstari mmoja: kulazwa kwa H16.0 hakuwiani na historia ya mgonjwa, H10 mara mbili ndani ya wiki moja. Historia hiyo niliiandika mimi. Mzee akauza fahali wa kulimia, msimu wa kupanda ukiwa mlangoni.

Kidonda kilipona, likabaki kovu katikati kabisa ya kioo cha jicho, H17. Sasa kijana akisoma namba za malori hugeuza kichwa ili jicho la kulia litangulie.

Alipokuja kuchukua barua ya rufaa kwa bima nilifungua faili lake. Nikaongeza S05.0, H16.0 na H17, kila moja na tarehe yake. Nikajaribu kufuta zile H10 mbili. Mfumo ulikataa: dai lililokwisha kulipwa halifutiki.