Uwongo wa Msema Kesho

Juma lililopita, arusini kwa jirani, nilimsikia kijana akimhimiza rafikiye azitoe tuzo fedha alizoziweka kwa karo ya mwanawe, na hoja yake yote ilikuwa "leo ni leo", kana kwamba wazee waliotuachia methali hii walikuwa watu wa anasa wasiojua akiba. Nusu ya pili, "asemaye kesho ni mwongo", hakuitamka, nayo ndiyo yenye uzito.

Kwa nini asemaye kesho aitwe mwongo, asiitwe mjinga? Mwongo ni yule anenaye kinyume cha alijualo, na kesho hakuna aijuaye. Wapo wasemao kuwa "mwongo" hapa ni neno la kutilia mkazo tu, mimi sikubali. Nahodha hutaja siku za bamvua, na wanafalaki hutaja kupatwa kwa jua miaka mingi kabla, wala hatuwaiti waongo, kwa kuwa mwezi hausikilizi maneno yao. Lakini Mfaransa Laplace alikwenda mbali zaidi, akaandika mwaka 1814 kwamba akili ambayo ingejua mahali pa kila kitu na nguvu zote ziusukumazo ulimwengu, ingeyaona yajayo wazi kama yaliyopita. Akili hiyo ingekaa wapi? Mtazame mwenye duka aandikaye daftarini kila kilichomo dukani: magunia, mizani, taa, kisha daftari lenyewe, kisha wino, na wino huo wapungua kwa kila neno aliandikalo juu yake, hata hesabu ikawa na kosa kabla haijakauka. Mwaka 1950 mwanafalsafa Karl Popper alitoa hoja ya namna hiyo: mashine ya kuhesabia, ijapokuwa na uwezo mkubwa namna gani, haiwezi kuibashiri kikamilifu hali yake yenyewe ijayo. Na kila abashiriye ulimwengu yumo ulimwenguni.

Hapo ndipo ulipo uwongo. Msema kesho ajua fika kuwa yumo, kwamba kauli yake nayo ni tukio miongoni mwa matukio, kisha hunena kana kwamba yuko nje akitazama. Ndiyo maana wazee wa pwani hawakukatazwa kuitaja kesho, bali walifunzwa kuitaja kwa "inshallah", neno la mtu aliyejihesabu miongoni mwa viumbe, ambalo leo, kwa aibu yetu, tumelifanya pazia la kukwepea ahadi.

Ndugu yangu, karo ya mtoto iweke. Na usemapo utailipa kesho, sema inshallah hali umekusudia kulipa.