Msaada na Ustadi

Siku hizi pana ubao wa kupandia mawimbi ya bahari wenye bawa chini ya maji na mtambo mdogo wa umeme. Mtambo huusukuma ubao. Bawa, likisha pata mwendo, huunyanyua juu ya maji. Bawa si jambo jipya: Mwitalia Enrico Forlanini aliinua mashua kwa njia hiyo mwaka 1906. Lakini je, mtu huyo amelipanda wimbi au amepandishwa?

Nahodha wa jahazi la Lamu naye husukumwa na kaskazi na kusi, pepo asizozifanya yeye. Hatumnyimi sifa, maana upepo haumshikii usukani. Vivyo hivyo mtambo hutoa mwendo. Hautoi usawa wa mwili wala moyo wa ushujaa.

Tuala, katika nyanda za Kajiado, haina bahari, lakini swali hili linayo. Mwanafunzi mmoja hufika shuleni kwa pikipiki, mwenziwe kwa miguu, na mtihani wao ni mmoja. Apandaye asione haya, wala asimdharau atembeaye. Msaada si aibu. Aibu ni kujivunia sehemu iliyotendwa na msaada.