Chombo cha Nane

Ukishuka na gitaa kwenye gati la Nansio, Ukerewe, huwezi kulificha. Shuka na mabati, shuka na godoro, hata na mbuzi; hakuna wa kukuuliza. Gitaa linaulizwa. "Mwalimu, umeongeza?" alisema kuli wa kwanza. Wa pili alicheka tu. Nikapanda bodaboda, mfuko nimeukumbatia kama mtoto mwenye homa, na kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imeshatangulia. Hiki ni kisiwa.

Mama watoto alikuwa nje anaosha masufuria. Hakuinua kichwa.

"Baba watoto, hicho ni chombo cha ngapi?"

"Cha nane."

"Haya. Vyombo vyangu vinapungua huvioni, vyako vikiongezeka unavihesabu. Sufuria hii inavuja tangu Pasaka."

Kiswahili kimetupa neno moja kwa sufuria, gitaa na meli, nasi wa kisiwani tunaweza kuzimaliza maana zote tatu kwa siku moja: unapanda chombo Mwanza, umebeba chombo, unafika nyumbani kwenye kesi ya vyombo. Siku ile, nimesimama pale na gitaa langu jekundu, nilianza kuona kwamba katika vyombo vyote hivyo ni changu tu kisicho na kazi. Sufuria hupika. Mtumbwi huvua. Tajiri mwenye mitumbwi minane ana wavuvi wa mitumbwi minane, kwa sababu anajua mtumbwi ukikaa sana nchi kavu mbao hukauka, viungo vinaachana, na siku ukiushusha ziwani bila kuuziba upya unakunywa maji wenyewe. Mimi nilikuwa na vyombo vinane na mikono miwili.

Nivitaje, aibu iishe. Magitaa manne pamoja na lile jekundu. Besi moja ambayo haijawahi kutoa sauti ya maana, maana sina amplifaya yake. Vinanda viwili. Tarumbeta moja lililobonyea, nililonunua kwa sababu lilikuwa bei rahisi, na ambalo hadi leo sijui kulipuliza zaidi ya kumtisha kuku. Vingi vilitokana na kiinua mgongo nilipostaafu ualimu. Wenzangu walijenga vyumba vya kupangisha.

Hewa ya ziwa nayo haina huruma. Nyuzi za chuma zikikaa uvunguni msimu mmoja wa mvua zinashika kutu. Ukipitisha kidole kinabaki na rangi ya chai. Gitaa langu la kwanza nililikuta hivyo siku moja, na badala ya kununua seti ya nyuzi nikapanda meli, nikakaa zaidi ya saa tatu ziwani, nikarudi na gitaa jingine. Nilijiambia lile la kwanza shingo imepinda. Haikuwa imepinda.

Ugonjwa huu si wa Nansio peke yake. Huko Marekani, Walter Becker wa bendi ya Steely Dan aliwahi kuupa jina, miaka ya 1990, akiandikia kwa mzaha wapiga gitaa wenzake wasioweza kuacha kununua magitaa. Yeye angalau alikuwa anapigia hela. Sisi wengine tunapiga Jumapili kanisani, na mwenye kusikiliza kwa makini ni mwenyekiti wa kwaya, tena anasikiliza makosa.

Nimejichunguza. Hamu hainijii siku niliyopiga vizuri. Siku hiyo ninalala. Inanijia siku ambayo vidole vimegoma, wimbo mpya wa kwaya umenishinda, na usiku kwenye simu namwona kijana wa Dar es Salaam anapiga solo kama anachambua mchele. Hapo ndipo naanza kuuliza bei. Nikiwa mkweli, wala sinunui gitaa. Namnunua yule mzee ninayemwona kichwani akilipiga. Gitaa linakuja na meli. Yule mzee haji.

Tena wapigaji tuliowaiga utotoni, wengi hawakuwa na gitaa la kwao. Enzi zile "mwenye vyombo" kilikuwa cheo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuitwa JUWATA, baadaye OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 ilikuwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi. Jeshi lilikuwa na bendi, polisi walikuwa na bendi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Ndiyo maana Muhidin Gurumo na Abel Baltazar waliweza kutoka JUWATA wakaenda Mlimani Park, na mwaka 1985 wakahamia Orchestra Safari Sound: walikwenda na sauti na vidole, vyombo walivikuta hukohuko kwa wenyewe. Miaka hiyohiyo ya 1980 fedha za kigeni zikaadimika, na hata huyo mwenye vyombo akawa anahangaika kupata nyuzi. Magitaa ya nyimbo zile tunayasikia redioni mpaka leo asubuhi. Gitaa lilikuwa la ofisi, upigaji ulikuwa wa mtu.

Mimi nimekuwa mwenye vyombo asiye na bendi.

Na wala sikuhitaji kwenda Dar es Salaam kutafuta mfano. Wakerewe wana enanga, kama majirani zao Wahaya. (Mtu wa pwani ukimtajia nanga atadhani unataka kutia chombo gatini.) Ni gogo lililochongwa mfano wa sinia refu, na juu yake uzi mmoja mrefu unapitishwa kwenda na kurudi kwenye meno ya ncha mbili, hadi unapata nyuzi saba au nane. Ukizihesabu ni nyingi. Ukizifuata kwa kidole ni uzi uleule. Kwa uzi huo mtu aliketi, akaimba habari za wafalme na vita na wanawake waliokataa kuolewa, usiku ukaisha. Wasukuma nao wana ndono, upinde na kibuyu, uzi mmoja basi. Ngoma za watemi zilizohifadhiwa makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, zimenyamaza siku nyingi za mwaka, lakini zile zina haki ya kunyamaza. Zilishapigwa.

Nimejiwekea utaratibu, nao nimeuiba kwa wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikikolea taa inakosa nguvu, dagaa hawasogei, na vijana wanakaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu. Basi chombo ambacho sijakigusa giza zima, mbalamwezi ikitoka kinaazimwa. Na hamu ya kununua ikinishika naruhusiwa kununua nyuzi tu, seti moja, za gitaa moja. Mwanza nikienda kufuatilia mambo ya pensheni, naenda na nauli na hela ya chai. Nimevunja sheria hii mara moja, nikamficha mama watoto wiki mbili. Sisemi ni kitu gani.

Wa kwanza kuazima alikuwa kijana mmoja wa mitumbwi ya dagaa. Alibisha hodi jioni, mwezi umeshachomoza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Nimesikia una magitaa yamelala."

Yamelala! Nikampa lile jekundu, jipya kabisa, na moyo ukaniuma kama nimetoa ng'ombe. Alilirudisha siku ya tano, giza lilipokaribia kuanza. Lilinuka dagaa. Uzi mwembamba kuliko zote ulikuwa umekatika, na mahali pake alikuwa amefunga mshipi wa kuvulia, fundo dogo safi, fundo la mvuvi, si la mpiga gitaa. Nilikunja uso. Akaniomba dakika moja, akaketi kwenye ngazi ya baraza, akapiga.

Mshipi ule haukufika juu kama uzi wa chuma. Ulikuwa na sauti ya chini kidogo, ya kukwaruza, naye alikuwa ameshausoma: kila alipourudia alikuwa anaushika nusu, anauachia kabla haujamaliza kulia. Mama watoto alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Katika miaka yote ya vyombo vyangu hajawahi kutoka jikoni kuja kunisikiliza.

"Huo ni mtindo gani?" nilimuuliza.

"Sijui, mwalimu. Ndivyo uzi wenyewe unavyotaka."

Sikulipokea gitaa. Nilimwambia aende nalo, na seti ya nyuzi nikampa. Nyuzi alizichukua, lakini nasikia mshipi hajautoa.

Besi iko kwenye kwaya ya jirani yenye amplifaya. Tarumbeta limebaki, kwa ajili ya kuku. Kinanda cha pili ndicho hakijapata mtu. Vibonyezo viwili vya upande wa kushoto havitoi sauti, vingine vyote ni vizima, na waya wake wa umeme upo. Kwaya yoyote ya Ukerewe inayokihitaji ije ikichukue bure. Mama watoto ameshakitoa barazani, na pale kilipokuwa ameweka sufuria mpya.